Mguu Ukigoma Safarini

Mtembezi hula miguu yake, walisema wahenga wetu, na neno hilo aghalabu hutumiwa kumkanya mtu azungukaye mitaani bila ya kazi. Walakini wako watu duniani ambao kwao methali hii ni habari ya mambo yalivyo hasa. Watu hao hutoka majumbani mwao kwa hiari, wakaacha kazi na motokaa, wakajitwika shanta mgongoni na kushika njia kwa miguu muda wa miezi mitano au sita. Na miguu yao huliwa kweli kweli: kucha hung'oka, nyayo hutoka malengelenge, na mifupa hufanya nyufa.

Makala haya hayakusudii kumshawishi msomaji naye aende akapande milima ya ugenini. Tunalotaka kulitazama ni jambo moja tu. Mtu amekwisha kutia nia, amewaaga jamaa, ametumia akiba yake, kisha katikati ya njia mwili unamwambia basi. Afanye nini? Suala hili limewashughulisha sana watembezi wa Marekani, lakini si lao peke yao. Linamhusu kila mwenye safari ndefu, na zaidi linatuhusu sisi ambao kila mwaka huwasindikiza wazazi wetu waendao Hija, safari ambayo nayo, pamoja na ndege zake zote, mwisho wake ni mwendo wa miguu.

NJIA YA MAILI ELFU MBILI

Katika mashariki ya Marekani iko njia ya miguu iitwayo Appalachian Trail. Fikira ya kuikata njia hiyo aliitoa mtu mmoja, Benton MacKaye, mwaka 1921, na ilikamilika mwaka 1937. Huanzia Mlima Springer katika jimbo la Georgia, kusini, na kupita katika majimbo 14 mpaka Mlima Katahdin katika jimbo la Maine, kaskazini. Urefu wake hukaribia maili 2,200, yaani yapata kilomita 3,500. Msomaji apate kuelewa, hiyo ni zaidi ya mara saba ya mwendo wa kutoka Mombasa hadi Nairobi, tena si barabara ya lami. Ni mawe, mizizi, matope, kupanda na kushuka kuanzia alfajiri hadi magharibi.

Babu zetu hawangeshangaa kuona watu wakienda mwendo kama huo. Misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikwenda yapata kilomita 1,200 kwa miguu, wapagazi wakiwa na mizigo mabegani, kisha wakarudi. Lililo geni ni kuwa hawa wa leo hawana biashara wanayoifuata. Wanakwenda ili wafike.

Na wengi hawafiki. Chama kinachoiangalia njia hiyo, kilichoundwa mwaka 1925, chasema kuwa katika kila watu wanne wanaoanza wakitaka kuimaliza kwa mkupuo mmoja, hufika mmoja tu. Wengine huishiwa na fedha, wengine hushikwa na upweke, na wengine wengi huangushwa na miili yao. Hawa wa mwisho ndio tunaowataja leo, kwa kuwa wao hawakutaka kurudi.

KUPE NA MFUPA

Adui wa kwanza ni mdogo kupita kiasi. Katika misitu ile wako kupe ambao wanapokuwa wachanga hawafikii ukubwa wa punje ya ufuta. Kupe huyo hujibanza nyuma ya goti au kinenani, akanyonya damu bila ya mtu kusikia uchungu. Akiachwa siku moja na zaidi huweza kumwachia mtu vijidudu vya maradhi yaitwayo Lyme, kwa jina la mji mmoja wa jimbo la Connecticut ambako yalianza kuchunguzwa katika miaka ya 1970. Vijidudu vyenyewe viligunduliwa na mtaalamu Willy Burgdorfer, naye ikamchukua mpaka mwaka 1981 kuvipata. Baada ya siku chache, au hata mwezi mzima, hutokea bato jekundu linalopanuka kama duara juu ya ngozi, kisha homa, uchovu na maumivu ya viungo. Maradhi haya yakitambuliwa mapema hutibika kwa majuma mawili hivi ya dawa. Yakipuuzwa huingia katika viungo, mishipa ya fahamu na hata moyo. Na taabu iko hapa: mtembezi ana uchovu kila siku na viungo humuuma kila usiku, kwa hivyo ni rahisi kwake kujiambia kuwa huo ni uchovu wa njia tu.

Adui wa pili yumo ndani ya mguu wenyewe. Mwaka 1855 tabibu wa jeshi la Prussia, Breithaupt kwa jina, aliandika habari za askari waliovimba nyayo baada ya mwendo mrefu, ilhali hawakuanguka wala hawakupigwa. Sababu haikuonekana kwa macho mpaka zilipokuja picha za eksirei, ambazo zilivumbuliwa mwaka 1895. Ndipo ilipobainika kuwa mifupa myembamba ya wayo imefanya ufa.

Jinsi ufa huo unavyotokea ni jambo la kuzingatiwa. Mfupa si ubao mkavu. Ni kitu kilicho hai. Mtu azidishapo mwendo, mwili huanza kwa kubomoa sehemu kongwe za mfupa, kisha hujenga mpya zilizo madhubuti zaidi. Kubomoa huenda upesi, kujenga huchukua majuma kadha. Ni mithili ya fundi aliyeng'oa nguzo za banda kabla hajasimamisha nyingine: ukilipandishia mzigo wakati huo, banda litapasuka. Na baya zaidi ni kuwa moyo na mapafu huzoea mwendo mapema kuliko mfupa. Mtembezi hujihisi ana nguvu za simba katika juma la nne au la tano, akazidisha maili, na wakati huo huo mfupa bado uko katika ujenzi.

Dalili yake ni maumivu ya mahali pamoja, ambapo mtu akipabonyeza kwa kidole huruka. Hata eksirei huweza isionyeshe kitu katika majuma mawili ya kwanza. Tiba yake kubwa haiuzwi dukani: ni kupumzika, kwa kawaida majuma sita hadi manane. Asiyepumzika, ufa huweza ukawa mvunjiko kamili, na hapo habari inakuwa ya misumari na vyuma.

Majuma manane! Mwambie hayo mtu aliyeomba ruhusa kazini, aliyeuza samani zake, aliyewaahidi watoto kuwa atafika Maine kabla ya theluji kuanguka. Hatakasirikia mfupa, atamkasirikia tabibu. Aghalabu atameza vidonge vya kutuliza maumivu, afunge mguu kwa kitambaa, na aendelee. Maumivu ni mlinzi wa nyumba, na yeye amempa mlinzi dawa ya usingizi.

BIBI WA OHIO

Katika wote waliokwenda njia hiyo hakuna ambaye jina lake hupendwa kutajwa kama Emma Gatewood. Alizaliwa mwaka 1887 katika jimbo la Ohio, akazaa watoto 11, na aliishi miaka mingi na mume aliyekuwa akimpiga, mpaka wakaachana mwaka 1941. Watoto walipokwisha kukua, alisoma habari za njia hiyo katika gazeti moja lililoisifu kuwa ni rahisi, akatia nia kuiendea.

Mwaka 1954, akiwa na miaka 66, alianza upande wa kaskazini, Maine. Hakufika mbali. Alipotea msituni na miwani yake ikavunjika. Mzee asiyeona vizuri, peke yake katika mwitu, hana tofauti na aliyevunjika mguu. Askari wa msitu walimpata, wakamsihi arudi kwao. Naye alirudi Ohio.

Wangapi wangalifanya hivyo? Na wangapi, baada ya kurudi, wasingalifunga mlango na kukaa na fedheha yao mpaka kufa? Bibi yule, Mei ya mwaka 1955, alianza tena. Safari hii alianza kusini, Georgia, hata ile milima migumu ya Maine ikaangukia mwishoni, mwili umekwisha kukomaa. Watoto wake aliwaambia kuwa anakwenda kutembea tu. Alibeba mfuko aliojishonea mwenyewe, blanketi, na pazia la plastiki la kujikingia mvua, na miguuni alivaa viatu vya raba. Tarehe 25 Septemba alisimama juu ya Katahdin akiwa na miaka 67, mwanamke wa kwanza kuimaliza njia nzima peke yake katika majira moja.

Aliikamilisha tena mwaka 1957. Mara ya tatu, ambayo aliimaliza mwaka 1964 akiwa amepita miaka 75, aliikata vipande vipande, kipande leo na kingine majira mengine. Msomaji auangalie vizuri mpango huo. Bibi ambaye tayari alikuwa ameshinda mara mbili hakuona haya kuigawa safari kadiri ya nguvu zake.

Na chama cha njia hiyo hakikumwona amepungukiwa. Katika daftari lake, aliyemaliza kwa miezi mitano na aliyemaliza kwa miaka 20 huandikwa kwa jina moja. Hawaulizi ulianzia wapi, ulikwenda kwa kasi gani, wala ulisimama mara ngapi. Wanaloliuliza ni kama umeikanyaga yote.

MSAFIRI WA TANJA

Labda msomaji atasema: mbona wako waliougua njiani wasisimame, na wakafika? Wako, na maarufu wao ni Ibn Batuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331.

Alitoka kwao Tanja, katika Moroko, mwaka 1325 akikusudia Hija, kijana wa miaka 21. Kabla hajafika mbali, katika mji wa Bijaya ulioko Aljeria ya leo, alishikwa na homa kali. Mwenzake mmoja alimnasihi akae mjini mpaka apone. Alikataa, akasema kuwa kama ajali yake imefika, basi na afe njiani uso wake ukielekea Hijazi. Baadaye alipozidiwa alijifunga kwa kilemba chake juu ya matandiko ya mnyama asije akaanguka, na hivyo ndivyo alivyofika Tunis.

Habari hii hupendwa sana, na yapendeza. Lakini wenye kuisimulia husahau vipande vyake viwili. Kwanza, yule mwenzake alipoona hasikii, alimshauri auze mnyama wake na mizigo yake mizito, naye angemwazima mnyama na hema, na Ibn Batuta alikubali. Yaani hata yeye aliupunguza mzigo na akapokea mkono wa mtu. Pili, msafara ule ulikuwa ukikimbia kwa kuhofia wanyang'anyi. Katika njia ile, kuachwa nyuma ya wenzio kulikuwa hatari kuliko homa. Alijifunga kilemba kwa kuwa hakuwa na pa kushukia. Mtu wa leo aliye maili tano na barabara, na hospitali iko mbele yake, akijifunga kilemba hivyo hafuati mwendo wa Ibn Batuta. Anafuata jeuri yake tu.

SHARTI LA DHUBAA

Sisi tuliosoma vyuoni tangu utotoni tulipaswa kulijua jambo hili kabla ya Wamarekani. Katika aya za kufunga za Suratul Baqara, mgonjwa na msafiri wametajwa pamoja, bega kwa bega, na wote wawili wamepewa siku nyingine za kulipa. Msafiri hupunguza sala, na mgonjwa asiyeweza kusimama husali ameketi. Anayekubali rukhsa hiyo hahesabiwi kuwa mvivu wa ibada. Ameipokea zawadi aliyopewa na Mola wake.

Na lipo jambo lililo karibu zaidi na maneno yetu ya leo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Dhubaa binti Zubeir, binamu yake Mtume (S.A.W.), alitaka kwenda kuhiji naye yu mgonjwa. Mtume hakumkataza kwenda, wala hakumwambia ajikaze. Alimwamrisha ahirimie, na atie sharti tangu mwanzo: kwamba pale maradhi yatakapomzuia, hapo ndipo atakapojitoa katika ihramu yake. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, wameikubali sharti hiyo.

Tuitazame hekima yake. Sharti la kusimama liliwekwa kabla ya kuondoka, wakati akili imetulia na mwili haujachoka. Mtu aliyekwisha kuumia si hakimu mwema wa nafsi yake. Maumivu humtisha zaidi kuliko inavyostahiki, au matamanio humdanganya zaidi kuliko inavyostahiki, na mara nyingi yote mawili kwa pamoja. Lakini akiwa nyumbani kwake, juu ya mkeka, mbele ya kikombe cha kahawa, anaweza kuamua bila ya haya wala hofu: likitokea hili, nitasimama. Kisha siku likitokea, hana haja ya kubishana na moyo wake. Anatimiza ahadi tu.

JOTO LA MAKKA

Nani mwenye haja na sharti hilo kuliko Haji wetu? Sai baina ya Safaa na Marwa, mara saba, hufika yapata kilomita tatu. Baina ya Mina na Arafa ni zaidi ya kilomita kumi, na wako wanaozikata kwa miguu. Mwaka 2024 joto la Makka lilipita digrii 50, na Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kuwa Mahujaji 1,301 walifariki. Wengi wao, ilisema, hawakuwa wamesajiliwa, na walikwenda masafa marefu katika jua kali bila ya kivuli wala pa kupumzikia. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Wengi wa waendao kutoka kwetu ni watu wazima, baada ya kudunduiza fedha miaka mingi. Mzee hahisi kiu upesi kama kijana, ilhali mwili wake una haja ya maji vile vile. Baadhi ya dawa za presha humtoa mtu maji mwilini. Mwenye kisukari huweza kuungua wayo juu ya sakafu ya moto, au kidonda kikamchimba ndani ya kiatu, naye asisikie lolote, kwa sababu mishipa ya fahamu ya miguu imekwisha kufa ganzi. Mtu wa namna hii haambiwi na maumivu lini asimame. Ni lazima aambiwe na sharti aliyoiweka mapema, au na mwenziwe.

Basi sharti lenyewe liwe wazi. Maumivu ya mfupa mahali pamoja yanayozidi kila siku, na hayaondoki hata usiku, yatosha kumsimamisha mtu. Homa inayofuatana na bato la ngozi ni hivyo hivyo. Mtu akiwa juani akaanza kupayapaya, au akapepesuka, au ngozi ikawa moto kama jiko, hapo hapana mashauri tena: ni kivuli, maji ya baridi juu ya mwili, na tabibu mara moja. Na kigari cha kusukumwa kimeruhusiwa kwa asiyeweza, katika tawafu na katika sai. Asikionee haya mtu.

Matayarisho nayo huanza mapema, miezi mitatu au minne kabla, kwa kuongeza mwendo kidogo kidogo ili mfupa upate nafasi ya kujijenga. Viatu vipya vivaliwe nyumbani kwanza, visije vikafundishwa njiani. Na miguu itazamwe kila siku. Watembezi wa Marekani huusiana hivyo sana, kila wakipumzika wavue viatu na kukagua nyayo. Sisi tumepewa nafasi hiyo mara tano kwa siku katika udhu, ila wengi wetu humwaga maji bila ya kuangalia. Ibn Batuta alipofika Mombasa aliwaona watu wakienda miguu mitupu, wakiiosha kwa maji ya kisima mlangoni mwa msikiti, kisha wakiipangusa juu ya kipande cha mkeka ndipo wakaingia. Huko kupangusa nako ni tiba, kwani unyevu uliobakia baina ya vidole ndio unaolainisha ngozi ikachubuka na kufanya malengelenge.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ikiwa una safari ya miguu mbele yako, iwe ya Hija, ya ziara au ya kwenda kuyaona mashamba ya babu yako, keti kwanza na mwenzio utakayefuatana naye. Kubalianeni ni kitu gani kikitokea mtasimama, mtasimama wapi, na ni nani mwenye neno la mwisho mgonjwa akikataa kusikia. Wekeni na fedha kidogo kwa ajili ya siku hiyo. Mkisha kukubaliana, fungeni mizigo, vaeni viatu, na mpige bismillahi.